Mwenye Udhuru si Mwenye Sifa



Usiku mmoja baada ya darasa, vitabu vimekwisha kufungwa na watu wanywa kahawa barazani, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alitusimulia picha ya sinema aliyoiona. Yaitwa San Andreas, nayo ilitoka Marekani mwaka 2015. Ndani yake jimbo la California lapatwa na zilzala ambayo mfano wake haujaonekana: bwawa kubwa la Hoover lapasuka, majumba ya Los Angeles yaanguka, kisha San Francisco nayo yabomoka na bahari yaupandia mji. Kijana alisimulia vizuri, kwa mikono na kwa macho, hatta wazee wawili waliokuwa wamekwisha kuvaa viatu wakarudi kuketi. Alipomaliza akauliza: "Maalim, picha hii iligharimu dola milioni 110, na watu wakaingia kuiona hatta ikaleta zaidi ya dola milioni 470. Lakini wahakiki wengi wa magazeti waliidharau, wakasema hadithi yake ni nyepesi na mwisho wake wajulikana tangu mwanzo. Sasa nani mwenye haki, watu au wahakiki?"

Baadhi ya waliokuwapo waliliona swali hilo kuwa ni la upuzi. Mimi naliona ni swali la kweli, kwa hivyo nimependa niyaandike hapa yaliyosemwa usiku ule pamoja na niliyoyafikiri baadaye. Simkusudii yeyote kwa lawama. Picha hizi nimeziona mimi mwenyewe, wala sitajidai kwamba nilifumba macho majumba yalipoanguka.

Kwanza yataka tuwajue waamuzi hawa wawili. Mhakiki ni mtu alipwaye ili atazame. Huona picha nyingi katika mwaka, na jambo likimjia mara ya kumi hulichoka kabla halijaanza. Uchovu wake huo aghlabu huuita elimu. Ama mtu wa kawaida, ameshinda dukani au kiwandani juma zima. Haingii sinema kutafuta jambo jipya, aingia kutafuta saa mbili za kusahau. Mmoja ahukumu ufundi na mwingine ahukumu jioni yake. Ajabu ni kuwa twawapambanisha kana kwamba waliulizwa swali moja.

Na wale wasemao kwamba fedha ndiyo hukumu ya watu, wamesahau jambo dogo: tikiti hununuliwa kabla ya kuona. Fedha nyingi ni dalili ya hamu ya watu walipoingia, si dalili ya radhi yao walipotoka. Wenye biashara hiyo wenyewe walijua haya. Ndipo huko Marekani, tangu miaka ya mwisho ya 1970, kukawa na watu wa kusimama milangoni mwa sinema usiku wa kwanza na kuwapa watazamaji karatasi watie alama wanapotoka. Mwaka 2009 ilitoka picha moja ya vita vya mashine, Transformers: Revenge of the Fallen, iliyoleta zaidi ya dola milioni 830, na picha hiyo hiyo ikapewa ile tuzo ya dhihaka ambayo Wamarekani huipa picha mbaya kupita zote za mwaka. Kila upande ulitoa hukumu yake, wala hapana aliyemshawishi mwenzake.

Lakini yafaa kutazama pia jambo la Titanic, maana lafundisha zaidi. Picha hiyo ya James Cameron iligharimu dola milioni 200, ikachelewa kutoka Julai hatta Disemba 1997, na magazeti mengi yakaanza kuichimbia kaburi kabla haijaonekana. Ilipotoka, watu walijaa kwa miezi. Ikaleta zaidi ya dola milioni 1,800 katika duru yake ya kwanza, na mwezi wa Machi 1998 ikapewa tuzo 11 za Oscar. Hatta hivyo mhakiki mmoja wa gazeti la Los Angeles Times, Kenneth Turan, hakubadilisha neno lake: picha ni kubwa na maneno yake ni dhaifu. Basi Cameron, baada ya tuzo zote hizo na fedha zote hizo, aliketi akaandika barua ndefu kulipelekea gazeti ili amjibu mtu huyo mmoja. Nimelifikiri sana jambo hili. Laiti fedha ingekuwa ndiyo hukumu ya mwisho, tajiri huyu angecheka na kwenda zake. Kalamu moja ilimkosesha usingizi kwa sababu hatta yeye, moyoni mwake, hakuamini kwamba wingi wa watu wamaliza maneno.

Basi tuwaache waamuzi hawa wagombane, tuulize swali ambalo upande wowote haukuuliza. Moyo wa mtu hufanya nini unapofurahia kuona mji ukianguka?

Maana hili ni jambo la ajabu. Mtu mpole, ambaye hawezi hatta kuchinja kuku, hutoa fedha zake ili aone watu elfu wakitumbukia katika ufa wa ardhi, na akitoka asema, "Picha nzuri!" Je, ni ukatili uliofichika? Sidhani. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, alikwisha kuona zamani kwamba vitu ambavyo tukiviona kwa dhati yake hutuumiza, sanamu zake hutupendeza, kwa kuwa ndani ya kutazama sanamu mna kujifunza na kutambua. Na kwamba mchezo wa msiba kazi yake ni kuamsha huruma na khofu. Kitabu chake hicho kilitiwa katika Kiarabu na Abu Bishr Matta, aliyefariki Baghdad mwaka 940. Yeye hakuwa na jukwaa la Wayunani mbele ya macho yake, basi mchezo wa msiba akauita madih, yaani sifa, na mchezo wa kuchekesha akauita hija, yaani tukano la kishairi. Ibn Rushd wa Andalusia naye akaishika njia hiyo hiyo katika karne ya 12. Wataalamu wengi wa baadaye wamelicheka kosa hilo. Mimi kila nikizitazama picha hizi za maafa naona kwamba kosa hilo lina akili kuliko wanaolicheka. Maana tazama vizuri: nini hasa kinachofanyika katika picha hizi? Mji mzima waangushwa ili mtu mmoja asifiwe. Msiba wote ule ni madih.

Na hapo ndipo penye mas-ala yetu. Huruma na khofu hazina ubaya, binadamu azihitaji. Lililo la kuchunguzwa ni sifa: nani asifiwa, kwa jambo gani, na nani waliolipa gharama ya sifa hiyo.

Kuna picha ambayo haikumsifu mtu kwa kuangusha mji, nami naitaja ili isije ikadhaniwa kuwa zote naziweka katika kapu moja. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa katika chombo chao, Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao akafariki mwezi wa Septemba mwaka huo. Tarehe 3 Novemba ikatoka Japani picha ya Gojira, dubwana linaloamshwa na mabomu kutoka katika kina cha bahari na kuuteketeza mji wa Tokyo. Aliyeiongoza, Ishiro Honda, alikuwa askari, na aliporudi vitani alipita katika magofu ya Hiroshima. Katika picha hiyo mna mama aliyezungukwa na moto, amewakumbatia watoto wake, awaambia kwamba karibu watakuwa pamoja na baba yao. Mna hospitali iliyojaa majeruhi hatta sakafuni. Baadhi ya wahakiki wa Kijapani waliilaumu, wakaona yafanya biashara kwa majeraha ya watu. Lakini watu wenyewe, wenye majeraha hayo, waliingia mamilioni. Nami nasema kwamba hapo watu walikuwa na haki kuliko wahakiki. Walipewa mahali pa kulia jambo ambalo mchana halikuwa na mahali pake. Mwaka 1956 picha hiyo ilipotolewa Marekani, alitiwa ndani yake mwigizaji wa Kimarekani, na mengi yaliyohusu mabomu yakapunguzwa. Dubwana likabaki, maombolezo yakapungua. Watoto wa Kimarekani waliipenda vile vile.

Turudi sasa barazani kwetu, kwa kijana wetu na rubani wake.

Mtu mkuu wa San Andreas, anayeigizwa na Dwayne Johnson, ni rubani wa helikopta ya uokozi katika idara ya zimamoto ya Los Angeles. Mwanzo wa picha twamwona akimwokoa binti ambaye gari lake lining'inia katika jabali, na hapo astahili kila sifa. Zilzala yapiga naye yumo angani, katika helikopta ya kazi. Mkewe, ambaye wamekwisha kutengana, ampigia simu kutoka katika jumba linalobomoka. Rubani ageuza chombo, amwokoa mkewe juu ya paa. Kisha wote wawili washika njia ya San Francisco kumtafuta binti yao, kwa helikopta, halafu kwa gari, kwa ndege, hatta kwa mashua. Njiani asaidia watu wachache wanaomkuta mbele yake. Lakini kazi yake hairudii. Mji uliomwajiri umelala chini, maelfu wapiga kelele chini ya kifusi, naye ana chombo ambacho watu wa mji huo ndio waliokinunua, mafuta ni yao, mshahara ni wao, na mafunzo yake ni wao waliyoyalipia.

Nilipoyasema haya kijana alikasirika kidogo. "Maalim," akasema, "lau ungekuwa wewe, na mwanao yuko juu ya paa?"

Swali hilo latakikana lijibiwe kwa ukweli, maana mwenye kujibu kwa maneno matukufu mahali kama hapo aongopa. Nilimjibu: "Mwanangu, ningekwenda kwa mwanangu." Watu wakacheka, na kijana akaona amekwisha kushinda.

Hakuwa ameshinda. Zipo hukumu mbili ambazo ndimi zetu huzichanganya, nazo ni mbalimbali kama maji na mafuta. Kuna kumwachilia mtu lawama, na kuna kumpa sifa. Mtu aliyezidiwa na mapenzi ya mwanawe akaiacha amana ya watu ana udhuru. Sisi tulio barazani na vikombe mikononi hatuna uso wa kumlaumu. Lakini udhuru kazi yake ni kuondoa lawama. Hauna nguvu ya kuleta sifa. Mlinzi wa ghala akishikwa na homa akalala, na usiku huo ghala ikaibiwa, hatumfungi. Wala hatumvishi shada la maua. Picha hii haikutuomba tumsamehe rubani. Laiti ingetuomba hivyo, ingekuwa picha kubwa: tungemwona akigeuza chombo huku ajua anayowaacha, tungeisikia redio yake ikimwita wala hajibu, na mwisho wake, mwanawe amekwisha kuokoka, tungemwona akirejea katika mji wake na kukutana na macho ya watu. Badala yake yatuomba tupige makofi. Na katika mabara yote watu wakapiga.

Wahakiki wengine waliliona jambo hili wakalisema, nami nawapa haki yao. Wengi zaidi waliishia kusema kwamba maneno ni ya kitoto na kwamba majumba yaliyoanguka yalichorwa kwa ustadi. Hizo ni hukumu za fundi wa seremala juu ya mlango wa jela.

Na sasa tazama hila iliyomo katika hadithi yenyewe. Yumo tajiri mmoja, rafiki wa yule mke, aliyekuwa na binti wa rubani garini. Binti anaswa na vyuma. Tajiri aingiwa na khofu, akimbia, amwacha. Picha yamchukia mtu huyu, nasi twamchukia, na baadaye apata mauti yake na ukumbi waona raha. Niliwauliza vijana: tajiri alimwacha nani? Wakasema, binti mmoja. Rubani aliwaacha wangapi? Wakanyamaza. Kisha mmoja akajibu, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko maneno yangu yote ya usiku ule: "Lakini Maalim, binti tulimjua jina."

Naam. Binti ana jina na uso, na waliokuwa chini ya mapaa hawana. Kamera imewekwa juu, pamoja na rubani, na kutoka juu mji uangukao ni kama mchanga umwagikao. Nadhani uadilifu wa picha hizi, au dhuluma yake, wakaa zaidi katika mahali palipowekwa kamera kuliko katika maneno ya waigizaji. Jicho likizoezwa kumhurumia mwenye jina peke yake, na kuwaona waliobaki kuwa ni vumbi la kupendezesha hadithi, je, jicho hilo hurudi nyumbani jingine? Sisemi kwamba mtu akitoka sinema huwa dhalimu. Nasema kwamba mazoea ni mwalimu asiyechoka.

Mwezi mmoja kabla ya picha hiyo kutolewa, tarehe 25 Aprili 2015, zilzala ya kweli ilipiga nchi ya Nepal na kuua karibu watu 9,000. Wenye picha wakatia katika matangazo yao maelezo ya namna ya kuwasaidia waliopatwa. Ni jambo jema, nalisifu bila ya kinyongo. Ila nashindwa kuacha kuwaza juu ya mtu aliyeona tangazo lile, akatoa sadaka yake kwa Nepal, kisha akaingia ukumbini.

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kwenda mbali kujifunza tofauti ya maafa na sanamu ya maafa. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama Mtongwe, wakafa watu 272. Hapana aliyesimama ufuoni siku ile akajua nani ni mtu mkuu wa hadithi na nani ametiwa kujaza mahali. Kila jeneza lilikuwa na nyumba lililotoka, na kila nyumba ilikuwa na jina.

Jina la maiti lina haki, hatta katika mchezo. Hapo yafaa tuikumbuke tena Titanic. Meli ile ilizama kweli, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na watu kama 1,500 wakafa. Mmoja wao alikuwa afisa William Murdoch, mtu wa Dalbeattie, huko Scotland. Katika picha aonyeshwa akiwapiga risasi abiria, kisha akijiua. Watu wa mji wake na jamaa zake walikasirika, maana kwao yeye ni mtu aliyekufa akifanya kazi yake, na tendo lile halina uthibitisho. Mwezi wa Aprili 1998 mkubwa mmoja wa kampuni ya filamu alikwenda Dalbeattie kuomba radhi, na kampuni ikatoa pauni 5,000 kwa mfuko wa tuzo ya ukumbusho wake katika shule ya mji huo. Watazamaji wa dunia nzima hawakuliona kosa. Wahakiki wakubwa hawakuliona. Aliyeliona ni mji mdogo uliokuwa na kaburi la kumbukumbu. Nayo ndiyo hukumu niipendayo kuliko zote nilizozitaja, kwa kuwa haikuuliza kama picha yapendeza wala kama yauzika. Iliuliza: mmemfanya nini mtu wetu?

Swali hilo hilo liliulizwa, kwa sauti ndogo zaidi, mwaka 2012, ilipotoka picha ya The Impossible juu ya mawimbi ya tarehe 26 Disemba 2004. Mawimbi yale yaliua karibu watu 230,000, walio wengi katika Indonesia. Yalifika hatta Somalia yakaua karibu watu 300, na katika pwani yetu ya Kenya akafa mtu mmoja. Picha yamfuata mama mmoja wa Kispania na jamaa yake waliokuwa wakistarehe Thailand, wakaokoka wote. Kisa ni cha kweli, na aliyeigiza mama yule aliigiza kwa uhodari mkubwa. Lakini Wahispania walibadilishwa wakafanywa Waingereza ili picha iuzike, na wenyeji wa Thailand, waliokufa maelfu, wakabaki kuwa watu wema wanaobeba machela. Wahakiki waliolalamika waliambiwa kwamba wana roho ngumu, kwani ukumbi mzima walia. Kulia kwa ukumbi si jawabu. Machozi yanaweza kuwa ya kweli na bado yakawa yamegawanywa kwa dhuluma.

Na wasomaji wetu wengi watakuwa wamekwisha kujua nielekeako. Katika picha za vita na risasi, wasio na uso mara nyingi wamekuwa watu wenye majina kama yetu. True Lies ya mwaka 1994, ambayo pia ni ya Cameron, iliwatia Waarabu kuwa maadui wa kuchekwa na kuuawa kwa makundi. Jumuiya za Waarabu wa Marekani zikalalamika mbele ya kumbi, na watu wakapita kando yao kwenda kununua tikiti. Mtaalamu Jack Shaheen, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alichunguza zaidi ya filamu 900 za Hollywood zenye Waarabu ndani yake, na walioonyeshwa kwa wema akawaona ni wachache mno. Hayo ni ya wenzetu. La kwetu ni hili: nimekaa na vijana wetu, wana wa Abdalla na wana wa Fatma, wakitazama picha za namna hiyo, na adui alipolipuliwa walishangilia. Sikuwakemea. Niliona kwamba walikuwa wakishangilia kwa jicho la kamera, wala si kwa jicho lao.

Wengine husema, hapana la kufanya, haya ni ya makampuni ya Marekani, nasi ni watazamaji tu. Si kweli kabisa. Mwaka 2013 ilitoka Man of Steel, picha ya Superman, ambayo mwisho wake yeye na adui yake wapigana hatta nusu ya mji waporomoka. Iliuzika sana. Walakini mara hii waliolalamika hawakuwa wahakiki peke yao. Wapenzi wa Superman wenyewe, waliomjua tangu utoto kuwa ni mlinzi wa wanyonge, waliuliza: na waliokuwa ndani ya majumba yale? Picha iliyofuata, ya mwaka 2016, ikaanza kwa vita vile vile, ila safari hii kamera imeshuka chini, katika vumbi, pamoja na mtu akimbiaye kuliendea jumba lake lenye wafanyakazi ndani, na mtoto aliyebaki peke yake barabarani. Sisemi kwamba picha hiyo ya pili ilikuwa njema. Wahakiki wengi waliibomoa, nami sina hoja nao. Lakini kamera ilishuka. Ilishushwa na watu waliolipa tikiti zao, wakafurahi, kisha wakarudi nyumbani na furaha yao ikawasumbua. Watu hao si wahakiki wala si umati, na sijui tuwaite nani.

Usiku ule mazungumzo yetu hayakwisha kwa maneno yangu. Alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi baharini miaka mingi, hasemi sana, naye alikuwa amesikiliza habari yote ya rubani bila ya kutia neno. Kijana alimgeukia, labda akitaraji msaada. "Ami," akamwuliza, "wewe ungefanya nini?"

Mzee alikiweka kikombe chini. "Ningekwenda kwa mwanangu," akasema. "Maalim amesema kweli. Ningekwenda, wala nisingegeuka nyuma." Kisha akanyamaza kitambo. "Lakini baadaye nisingeweza kwenda kuchukua mshahara. Ile kofia yao ningewarudishia."

Kijana hakujibu. Alikusanya vikombe, akauliza kama darasa ya Jumamosi itakuwa baada ya Magharibi au baada ya Isha.